Kasri la Amboise na Mawe 25
Juu ya mto Loire, nchini Ufaransa, limesimama kasri la Amboise. Mfalme Charles wa Nane alilijenga upya mwishoni mwa karne ya 15, akalipa minara miwili minene isiyo na ngazi ndani: mna njia pana ya mzunguko, ambayo farasi na magari yao walipanda hadi uani.

Sisi twalikumbuka kwa jambo jingine. Amir Abdulqadir wa Algeria alisalimu amri mwaka 1847 kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Kuanzia 1848 hadi 1852 alizuiliwa humo pamoja na jamaa zake, na watu 25 wa msafara wake wakafia ugenini. Mwaka 2005 msanii Rachid Koraïchi aliwawekea mawe 25 bustanini.