Chujio la samaki linalojisafisha: Lina faida au ni gharama tu?

Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wanaovua katika Ziwa Tanganyika na kuwasafirisha nje wameanza kuletewa aina mpya ya chujio la maji, ambalo wauzaji wanadai linajisafisha lenyewe. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya chujio la kawaida la sponji. Swali kwa mfanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura au Mpulungu ni kama fedha hizo zitarudi.

Samaki hao, wakiwemo jamii za Tropheus na Cyphotilapia frontosa, hukaa katika matangi ya kuhifadhia kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kufungwa kwenye mifuko yenye maji na oksijeni. Katika muda huo ndipo hasara nyingi hutokea, kwani samaki aliyedhoofika ndani ya tangi mara nyingi hafiki akiwa hai kwa mnunuzi wa Ulaya au Marekani.

Linavyofanya kazi

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia roli la kitambaa chepesi. Maji hupita kwenye kitambaa, uchafu hunaswa, na kitambaa kikiziba maji hupanda, kihisio hushtuka na mota huvuta kipande kipya. Ya pili ni ya pipa lenye wavu linalozunguka, ambalo hurushiwa maji ya kusafisha wavu, na uchafu hutoka kwa bomba.

Mnunuzi anatakiwa kuelewa kwamba vifaa hivyo huondoa uchafu unaoonekana kwa macho, yaani kinyesi na mabaki ya chakula. Sumu inayoua samaki kwa haraka ni amonia, ambayo haionekani na hupita kwenye kitambaa bila kizuizi. Amonia huondolewa na bakteria wanaoishi juu ya sponji, mawe au vipande vya plastiki, ambao huigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti.

Ni kweli kwamba uchafu ukitolewa mapema kabla haujaoza, amonia inayozalishwa hupungua. Lakini hiyo haina maana kwamba chujio jipya linachukua nafasi ya bakteria.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa samaki wa Tanganyika. Maji ya ziwa hilo yana pH ya karibu 9. Katika joto la nyuzi 25, kiasi cha amonia kilicho katika hali ya sumu ni takriban asilimia 36 kwenye pH 9, wakati kwenye pH 7 hakifiki hata asilimia 1. Kosa dogo ambalo samaki wa maji ya pH ya chini wangelivumilia linaweza kumaliza tangi zima la samaki wa ziwa hili.

Hesabu ya faida

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye matangi 6. Kijana wake hutumia saa 16 kwa mwezi kuosha sponji, kwa malipo ya shilingi 2,500 kwa saa. Hiyo ni shilingi 40,000. Tuseme chujio jipya linazidi lile la zamani kwa shilingi 1,200,000, linatumia roli moja la shilingi 25,000 kwa mwezi, na umeme wa ziada wa shilingi 2,500.

Akiba halisi inakuwa 40,000 ukitoa 27,500, yaani shilingi 12,500 kwa mwezi. Kwa akiba hiyo, fedha zitarudi baada ya miezi 96, ambayo ni miaka 8. Hapo biashara haipo, kwani mota yenyewe inaweza isidumu muda huo.

Sasa tuseme kifaa hicho kinaokoa katoni moja ya samaki 40 kila baada ya miezi mitatu, kila samaki akiwa na thamani ya shilingi 6,000. Hiyo ni shilingi 240,000, sawa na 80,000 kwa mwezi. Akiba inapanda hadi 92,500 na fedha zinarudi ndani ya miezi 13.

Kwa hiyo kinachoamua ni idadi ya samaki wanaokufa na sababu ya vifo hivyo, kuliko jasho la kijana anayeosha sponji. Mfanyabiashara anashauriwa aandike vifo kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kununua. Ikiwa samaki hufa umeme unapokatika, wanapojazwa kupita kiasi au wanapofungwa vibaya, chujio hili halitamsaidia. Betri na pampu ya hewa vitamfaa zaidi, tena kwa bei nafuu.

Umeme na vipuri

Chujio la roli likikosa umeme husimama, kama lilivyo la kawaida la pampu. Tofauti ni kwamba lina kihisio na mota ambavyo vikiharibika havina mbadala dukani Kigoma. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anauza mota na kihisio peke yake, na kama roli la kampuni nyingine linaingia. Roli linalopatikana kwa muuzaji mmoja tu humfunga mnunuzi kwa bei yoyote atakayopangiwa.

Soma pia kibandiko cha umeme. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na mzunguko wa hezi 60, wakati huku kwetu ni volti 220 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti, lakini haibadilishi mzunguko, hivyo pampu nyingi za aina hiyo zitazunguka polepole zaidi.

Kiwango cha lita kwa saa kilichoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni cha pampu isiyopandisha maji. Pima mwenyewe kwa ndoo na saa, maji yakiwa yanapanda hadi kwenye tangi lako.

Usafirishaji na mpaka

Maroli ni mepesi lakini yana ujazo mkubwa. Kwa ndege, mzigo hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kutegemea kipi ni kikubwa, na kanuni inayotumika sana ni sentimita za ujazo 6,000 kwa kilo moja. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 litahesabiwa kilo 20 hata kama mizani inaonyesha kilo 6. Ni afadhali maroli yaje kwa meli na gari, yakiagizwa ya miezi sita kwa pamoja.

Wanaovusha vifaa hivyo mpakani wakumbuke kwamba Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Chujio lililotengenezwa China halipati nafuu hiyo kwa sababu tu limenunuliwa Dar es Salaam. Zambia nayo si mwanachama wa Jumuiya hiyo, kwa hiyo mzigo wa Mpulungu upigiwe hesabu yake ya ushuru.

Kwa atakayeamua kununua, chujio la zamani lisiondolewe siku hiyo hiyo. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Viendeshwe vyote viwili kwa muda huo, amonia na naitraiti zipimwe, na sponji za zamani zioshwe kwa maji ya tangi, kwani klorini ya maji ya bomba huua bakteria hao.