Je, Kitabu Chaongeza Akili?

Mzazi wa Soweto hapa Mbeya aweza kuuliza: Je, vitabu vya wastadi vyaongeza akili, au fedha hiyo heri inunue unga?

Mwaka 2013 wataalamu wa New York walisema ya kuwa kusoma hadithi bora kitambo kidogo humsaidia mtu kutambua mioyo ya wengine; lakini mwaka 2016 wengine walijaribu tena wasione hivyo. Basi kitabu si dawa ya kunywa mara moja. Walakini huko Uingereza walichunguzwa mapacha wa sura moja. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba yule aliyesoma vizuri zaidi utotoni, baadaye alimzidi mwenziwe katika majaribio ya akili. Faida huja kwa mazoea.

Tunavyo vitabu vya Shaaban Robert, na tamthilia za Shakespeare alizozifasiri Mwalimu Nyerere, zilizochapwa mwaka 1963 na 1969.

Lakini tujihadhari. Mama asiyejua herufi aweza kumpita mwanawe kwa busara, na msomi amdharauye mamaye amesoma bure. Basi wazazi, someni jioni pamoja na watoto, mkawaulize: Huyu alikosea wapi, nasi tungalifanyaje?