Bia chachu ya matunda: Si kila uchachu ni kuharibika

Mnywaji wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, anafahamu kuwa ikikaa siku chache huwa chachu mno na haifai tena.

Ndiyo maana mgeni kutoka Afrika Mashariki, akikaribishwa bia chachu mjini Stafford, kando ya Houston, jimboni Texas, huenda akadhani ameletewa kinywaji kilichoharibika.

Bia hii, ambayo Ubelgiji ina sifa ya kuitengeneza kwa karne nyingi, hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miezi kadhaa, hata miaka.

Humo, hamira za mwituni huleta kileo na harufu, nao bakteria hutoa asidi ileile inayogandisha mtindi.

Kisha huongezwa matunda: cheri huko Ubelgiji, au rasiberi, kama ilivyofanya Jester King, kiwanda kilichopo karibu na Austin, Texas.

Sukari ya matunda huchachuka upya. Harufu ya tunda hubaki, utamu hutoweka.

Namna ya kuiandaa

Chupa husimamishwa wima ili mashapo yatulie. Bia humiminwa polepole katika glasi yenye tumbo pana, ikiwa na nyuzi joto 8 hadi 12, kwani baridi kali huficha harufu.

Mnywaji hunusa kwanza, kisha huonja kidogo. Uchachu wa ndimu au mtindi ni wa kawaida.

Lakini siki kali inayochoma pua ni dalili kwamba hewa nyingi iliingia pipani. Hapo, kama ilivyo kwa mbege iliyopitwa na siku, shaka ya mgeni ni ya haki.