Kisu na Mionzi: Tumwambie Mgonjwa Maneno Gani?

Kitenzi kuchoma kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mwiba huchoma, sindano huchoma, moto huchoma. Katika wadi zetu kimeongezewa kazi nyingine: mgonjwa wa saratani apelekwaye kwenye tiba ya mionzi husemwa kuwa “anaenda kuchomwa”. Kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, kauli hiyo ni hukumu. Huona kisu kimeshindwa, na sasa umeletwa moto. Nashikilia kwamba fasiri hiyo ni potovu, na kodoma ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo inaufichua upotovu huo waziwazi.

Kodoma ni uvimbe wa nadra mno. Humpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka. Huota kutokana na masalio ya notokodi, ule ufito laini alio nao mtoto tumboni kabla ya pingili za mgongo kufanyika. Mjerumani Rudolf Virchow alizieleza seli zake mwaka 1857 akidhani zatokana na gegedu. Jina lenyewe lilikuja baadaye, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ugwe. Mara nyingi uvimbe huu huota katika sakramu, yaani pingili 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu juu ya kifandugu. (Warumi waliuita mfupa mtakatifu, kwa nini, wataalamu wangali wanabishana.)

Uvimbe huu hukua polepole. Mgonjwa hulalamika kuwa kiuno kinamuuma, naye hupewa vidonge vya maumivu, miezi ikapita, pengine miaka.

Tiba ya msingi ni upasuaji, na sharti lake ni gumu: uvimbe utolewe mzima pamoja na tabaka la nyama isiyo na ugonjwa, mithili ya mtu atoaye yai bila kulivunja. Ukipasuka, ute wake humwaga seli kidondani, nazo huota upya. Lakini mfupa huo ndio mlango wa neva za kibofu, za haja kubwa na za unyumba. Jozi ya pili ya neva hizo ikikatwa pande zote mbili, kwa kawaida mgonjwa hawezi tena kuzuia mkojo wala choo. Daktari akikata mbali, mgonjwa hulipa kila siku ya maisha yake. Akikata karibu, huenda akaacha mbegu.

Hapo ndipo mionzi inapoingia. Kodoma ni sugu: hudai dozi ya grei 70 au zaidi, ilhali utumbo ulio mbele yake hauvumilii kiasi hicho. Miali ya protoni ilipunguza tatizo, kwa kuwa hushusha sehemu kubwa ya mzigo wake mwishoni mwa safari, kisha hukoma. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, madaktari waligawa dozi: sehemu kabla ya upasuaji, ili seli zitakazomwagika ziwe zimekwisha kudhoofika, na iliyobaki baada ya kidonda kupona. Mbona isitolewe yote mapema? Kwa sababu nyama iliyopata mionzi mingi haiponi vyema, na vidonda vya mahali hapa ni vikaidi hata bila mionzi.

Basi mionzi hiyo imepangwa kabla kisu hakijashikwa. Isitoshe, Wajapani wa Chiba, walioanza kutibu kwa ioni za kaboni mwaka 1994, walitoa mwaka 2016 ripoti ya wagonjwa 188 wenye kodoma ya sakramu isiyoweza kupasuliwa. Baada ya miaka 5 uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa takriban asilimia 77.

Mitambo ya aina hiyo haipo nchini Kenya, lakini fomu ya idhini ipo katika kila hospitali, nayo huwekwa mbele ya watu ambao hawajapewa msamiati wa kuuliza. Ninyi walimu wa Kiswahili mnaofundisha uundaji wa istilahi, lifanyeni hili zoezi la darasani. Mimi napendelea “kupigwa mionzi”, kwa mfano wa “kupigwa picha”, jambo lisilomtisha mtu. Kisha wanafunzi watunge maswali ambayo mgonjwa angemwuliza daktari: Mionzi hii ilipangwa tangu mwanzo? Itatangulia kisu au itakifuata? Na ni neva zipi zitakazobaki?