Kani Zinazokikabili Kigari cha Mashindano Safarini

Kigari cha mashindano kiitwacho kati, ambacho cha kwanza kilitengenezwa na Art Ingels huko California, Marekani, mwaka 1956, huwa na kilo 80 hivi bila dereva, nacho huingia katika pikapu bila taabu. Wepesi huo huwahadaa wengi.

Tuchukue pikapu iendayo kilometa 50 kwa saa, yaani takriban meta 14 kwa sekunde. Breki zipigwapo, kigari huendelea mbele kwa sababu ya inesha. Mpira wa magurudumu yake una msuguano mkubwa, lakini msuguano huo haufai kitu, kwani magurudumu yenyewe hubingirika! Pikapu ikigonga ukuta na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, kani ya wastani ya kukizuia kigari ni 80 × 14 ÷ 0.1, yaani nyutoni 11,200. Huo ni uzito wa zaidi ya tani moja, nao huelekea migongoni mwa abiria.

Yafaa basi mikanda minne imara ifungwe kwenye fremu, wala si kwenye usukani, ambao hupinda upesi. Mikanda ivutwe kwa mshazari, miwili mbele na miwili nyuma. Mkanda uliosimama wima huzuia kuruka, hauzuii kusogea.

Ndani ya gari la familia, petroli ndiyo hatari zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni ukingoja cheche. Tangi na kabureta vikaushwe kabla ya kupakia.