Ordinatere ilisema botini ziko

Muda wa majuma saba watu wa poste ya usiku walitumika na botini zenye kupasuka. Ilikuwa ku usine moja ya upande wa Kolwezi, jina ya kompani nitaiacha. Mwenye kujua namna shaba na kobalti vinatoshwa ku majiwe kwa asidi, anajua pale chini kunakuwa maji ya namna gani. Kijana mumoja aliungua vidole vitatu vya muguu wa kuume.

Nilienda ku biro kuuliza. Shefu alifungua ordinatere yake, akageuza ile ekrani ili nione vizuri: botini za kazi, peri 83.

"Delege, botini ziko. Batu yako njo banakatala kuja kutwaa."

Nikashuka ku depo. Ku etajere kulikuwa peri 3.

Hapo shauri ikageuka. Asubui hatukuzungumza tena juu ya muguu wa yule kijana, tulizungumza juu ya mwizi. Ordinatere inasema 83, etajere inasema 3, basi 80 zimeenda wapi? Funguo ya depo iko na nani? Iko na magazinie. Magazinie yule alikuwa na miaka 14 ku ile kazi, mwenye bibi na batoto sita. Walimwandikia barua: bei ya peri 80 itakatwa ku mushahara wake kila mwezi mpaka deni iishe. Bibi yake alikuja kwangu jioni ile ile, akabaki amesimama ku mulango, akakataa kukaa. Aliniambia: "Baba delege, kama ni yeye aliiba, botini 80 zingekuwa wapi? Kwetu tuko na chumba mbili."

Nitaeleza polepole namna tulipata ukweli, juu najua ku kompani zingine watu wanakatwa makuta paka vile, nao hawajui waulize nini.

Programu ya stoki (ku biro wanaiita logisiele) ni daftari tu. Zamani magazinie alikuwa na fishi ya karatasi kwa kila kitu: siku, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sinyature. Wazee wa Gécamines wanakumbuka siku ya posho, bunga ikipimwa kufuata hesabu ya watu wa nyumba, kila mutu na karte yake. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini mustari ulioandikwa kwa wino ulibaki. Ukikosea, unaukata kwa mustari mumoja, unaandika mupya chini, na kila mutu anaona kosa yako. Ordinatere inafanya hesabu mbio kupita yule mzee wa fishi. Lakini haioni etajere. Inajua tu kile mutu aliiambia.

Basi iliambiwa nini? Tulikaa usiku mbili, mimi na yule magazinie, na daftari yake mwenyewe, ile ya shule yenye karatasi za karo ambayo hakuna mutu alimwomba aandike. Alikuwa ameandika: kartoni 20 za botini zimeingia. Tulitafuta bordereau ya muuzaji; ilikuwa ku kontabilite, katika biro ya mujini, si ku depo. Mwenzetu wa sendika anayetumika kule alituonyesha. Iliandikwa: kartoni 20, peri 120. Ni kusema kila kartoni ilikuwa na peri 6.

Lakini ku programu, mutu wa zamani alikuwa ameandika, kwa muuzaji wa zamani, kwamba kartoni moja ya botini ni peri 10. Muuzaji akabadilika, kartoni ikabadilika, ile namba haikubadilika. Magazinie akaingiza kartoni 20, ordinatere ikafanya 200. Zilizoingia kweli ni 120. Tosha moja ku ingine: 80. Zile botini 80 hazikuibiwa hata moja. Hazikuwa ku ulimwengu huu.

Na angalia kosa hiyo ilifanya nini tena. Programu ilipangwa itoe komande mupya wakati stoki inashuka chini ya peri 40. Stoki ku ordinatere ilikuwa 83. Basi komande haikutoka. Ile namba ya uongo njo ilimkata magazinie mushahara, na njo iliunguza vidole vya kijana. Sheria yetu ya kazi ya 2002 inaweka usalama wa mutumishi juu ya mwajiri, haisemi "ikiwa ordinatere inakubali."

Kuna wenye kudhani ni sisi tu, juu tuko Congo, mashine ni mageni kwetu. Hapana. Uingereza, kuanzia 1999, waliweka ku biro za posta programu moja inayoitwa Horizon, ya kompani Fujitsu. Ilikuwa inaonyesha makuta yanapungua ku kesi wakati hayakupungua. Posta ikaamini mashine. Kontra ya wale wenye kushika posta ilisema wanalipa upungufu wao wenyewe. Wengine waliuza nyumba, wengine walienda gerezani. Waliohukumiwa wanapita 900. Kila mumoja alifikiri ni yeye peke yake. Mwanaume mumoja, Alan Bates, akaanza kuwatafuta na kuwakusanya, na 555 wakaenda pamoja mbele ya tribinali kule London. Mu 2019 juge akasema ile programu haikuwa ya kuaminiwa, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali ku hesabu za posta. Mu 2024 bunge ilifuta hukumu kwa sheria. Ni miaka 25. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikacheka kidogo, juu hata kwetu neno la siri ya programu lilikuwa moja kwa watu wanne. Shefu, musaidizi wake, magazinie, na stajiere mumoja aliyekwisha kwenda. Wote waliingia kwa jina ya shefu. Mutu angeweza kubadilisha 83 kuwa 803, na programu haingejua ni nani, wala haingeweka ile namba ya mbele. Iliweka tu kilichobaki leo. Fishi ya karatasi ilikuwa na akili kuipita.

Kwa hiyo tulipokaa na wakubwa hatukuomba waondoe ordinatere. Tuliomba kila mutu aingie na jina yake. Tuliomba mustari usifutwe hata siku moja, ukikosewa uandikwe mupya na sababu. Tuliomba kitu kihesabiwe kwa kile ambacho mutumishi anavaa, ni kusema peri, si kartoni. Na bordereau ibaki ku depo kopi moja. Kisha, kila mwisho wa mwezi, watu wawili wahesabu etajere kwa mikono yao, mumoja akiwa delege, na wasionyeshwe namba ya ordinatere mbele ya kuhesabu. Hii ya mwisho ilileta kelele. Lakini ukimwonyesha mutu 83 kwanza, atatafuta 83 mpaka aipate.

Bamama wenye butiki, hii inawahusu pia. Bibi yangu anauzisha bunga. Ananunua mufuko wa kilo 25, anauza kwa meka. Mototo wetu alimwekea tablo ku telefone: mufuko umeingia, meka zimetoka. Juma ya kwanza tablo ilisema tumepata faida nzuri, lakini kesi ilikuwa tupu. Mototo alikuwa ameandika meka ngapi ziko ku mufuko kwa kukisia. Tulimwaga mufuko muzima juu ya hema, tukapima meka moja moja, na ile inayomwagika, na ile ya kuongeza mukononi kwa kliyenti. Namba ilishuka. Faida pia ilishuka, lakini sasa inafanana na kesi. Asinunue programu ya makuta mingi mwenye butiki moja. Tablo kama Excel inatosha, ao LibreOffice ambayo ni ya bure. Kama butiki inakomaa, kuna Dolibarr, inazungumza Kifaransa, nayo ni ya bure. Na daftari ikae pembeni, juu umeme ukikatika, daftari haizimiki.

Mutuelle yetu pia ilifanya hivyo kwa viti vya plastiki, masufuria na hema za kilio. Kila kiti kina namba ya rangi chini. Mbele, viti vilikuwa vinaenda kilio 100 vinarudi 91, na familia yenye kufiwa njo ilisemwa. Sasa tunaandika namba zinazotoka na zinazorudi, na tuliona kwamba viti vingi vilikuwa vinapotea ku manyumba ya sisi wenyewe wa komite. Kwangu vilikuwa viwili.

Magazinie alirudi ku kazi yake. Walikuwa wamekwisha kumkata miezi mitatu, wamerudisha miwili. Mwezi wa tatu, kontabilite inasema haiko ku sisteme. Tuna rendez-vous nao siku ya ine, saa tatu ya asubui, na nitakuwa na ile daftari ya karo.