UNYUMBUFU: NENO MOJA, MAANA TATU

Neno unyumbufu latumika katika sayansi, ufundi, michezo na hata mambo ya utamaduni. Wingi huu wa matumizi ni dalili ya uhai wa lugha, lakini waficha jambo moja: ndani ya neno hilo zimo sifa tatu zisizofanana, yaani kuvutika na kurudi, kupinda bila kuvunjika, na kupokea umbo jipya na kukaa nalo.

Sifa ya kurudi ndiyo aliyoieleza Robert Hooke wa Uingereza katika kanuni aliyoichapisha mwaka 1678: springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta, nguvu ikiwa maradufu, mvutiko nao huwa maradufu. Hata hivyo kila springi ina mpaka wake, na ikivutwa kupita hapo hairudi tena kama ilivyokuwa. Mrukaji kwa upondo hutegemea sifa hiyo hiyo. Upondo hupinda na kuhifadhi nguvu za mbio zake, kisha hunyooka ukamrusha juu. Cornelius Warmerdam wa Marekani aliruka mita 4.77 mwaka 1942 kwa upondo wa mwanzi. Pondo za nyuzi za kioo, zilizoenea katika miaka ya 1960, hupinda zaidi, na mwaka 1985 Sergey Bubka alifikia mita 6.

Sifa ya pili yaonekana katika mtepe wa mwambao wa Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo misumari, hata chombo kilipopigwa na mawimbi au kupanda mchangani, mbao zilijilegeza kidogo badala ya kupasuka. Sifa ya mwana sarakasi ni ya jamii hii: husifiwa kwa jinsi viungo vyake vinavyopindika, wala si kwa kurudi kwake.

Sifa ya tatu wahenga waliijua vema. Waliposema "Samaki mkunje angali mbichi," hawakutaka samaki ajinyooshe tena. Malezi hukusudia umbo lidumu. Udongo wa mfinyanzi nao ni hivyo hivyo.

Wanasarufi nao wana shauri lao. Wengine husema mnyumbuliko wa vitenzi, wengine mnyambuliko. Kunyambua ni kuchana vipande vipande. Kunyumbua ni kuvuta kitu kirefuke kikiwa kizima. Katika piga, pigia, pigana na pigwa, mzizi -pig- haukuchanika, umerefushwa tu.

Basi yafaa unyumbufu uachiwe kuvutika na kurudi, upindikaji uwe wa mtepe, na ufinyangikaji uwe wa udongo. Mwalimu wa fizikia akiziita springi na udongo kwa sifa moja, mwanafunzi atashika kwamba mambo mawili yaliyo kinyume ni jambo moja. Na kosa hilo halitakuwa la mwanafunzi, bali la istilahi aliyopewa.